Shajara ya mradi: kila chakula na sauti yake

1 Februari: nia na pa kuanzia

Nataka kuandaa jioni moja ya watu 6 ambayo kila kinacholiwa na kunywewa kimetengenezwa hapa nyumbani, na kila kimoja kina muziki wake uliochaguliwa kwa sababu ninayoweza kuieleza. Sizungumzii muziki wa kujaza ukimya. Nataka anachosikia mtu kimsaidie kuonja kilicho mdomoni.

Nimejipa wiki 8. Mezani vitakuwepo vitu vitano: kinywaji cha tangawizi chenye gesi, supu ya nyanya, mkate, kahawa baridi na tofi. Kila hatua ikiisha nitaiandika hapa, na zilizoharibika nitaziandika kwa urefu zaidi, kwa sababu hizo ndizo zitakazomwokolea muda anayetaka kuiga. Gharama naziweka kwa gramu, saa na vyombo. Bei ya sukari hubadilika, gramu ni zilezile.

Lugha yetu imeshafanya nusu ya kazi hii. Tunasema sauti tamu na maneno machungu. Tangawizi ni kali na filimbi ni kali. Sauti ina unene na wembamba, kama vile chapati. Zamani niliyaona haya kuwa mapambo ya usemi tu, mpaka nilipoanza kusoma kazi za watafiti. Charles Spence na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford wameonyesha mara nyingi kwamba watu huoanisha utamu na uchachu na sauti nyembamba, na uchungu huuoanisha na sauti nene. Mwaka 2012 kundi lao liliwapa watu tofi huku wakisikilizishwa vipande viwili tofauti vya muziki, na tofi iliyoliwa pamoja na milio minene ilionekana chungu zaidi. Mwaka huohuo Adrian North wa Chuo Kikuu cha Heriot-Watt alichapisha jaribio la watu 250 na glasi za mvinyo: waliopigiwa muziki mzito waliuona mvinyo kuwa mzito, waliopigiwa muziki laini wakauona laini, ilhali mvinyo haukubadilishwa.

Kanuni yangu ya kuanzia ni fupi: nyembamba kwa kitamu na kichachu, nene kwa kichungu. Gharama mpaka leo ni jioni 2 za kusoma.

8 Februari: jaribio la kwanza limeharibika

Nilichagua nyimbo 22 zinazopendwa na kila mtu ninayemfahamu, nikaziweka kwenye simu, nikapika lita 2 za supu ya nyanya na kuwaita watu. Kosa lilikuwa palepale kwenye neno "zinazopendwa".

Wimbo wa pili ulipofika kwenye kiitikio, dada yangu aliweka kijiko chini akaimba. Shemeji akaanza kusimulia harusi ambayo wimbo huo ulipigwa, nani alicheza, nani alianguka. Ilikuwa jioni nzuri. Lakini nilipouliza kuhusu supu, dada alinijibu, "Ilikuwa nzuri, mdogo wangu," basi. Hakuna aliyetaja mrehani, na nilikuwa nimetia konzi mbili.

Nimeona sababu mbili. Maneno ya wimbo huvuta masikio, na anayefuata maneno hana nafasi ya kufuata ulimi wake. Halafu wimbo unaojulikana huja na kumbukumbu zake, na kumbukumbu ina nguvu kuliko mrehani. Tangu leo natumia muziki usio na maneno, na kabla ya kila jaribio nawauliza wageni wangu kama wameshawahi kusikia kipande hicho. Akiwepo hata mmoja anayekijua, nakitoa.

Kuna upande wa pili wa jambo hili unaofaa kukumbukwa. Mwaka 1920 jijini Paris, watunzi wa muziki Erik Satie na Darius Milhaud walipiga muziki walioutaka uwe kama samani za chumba, kitu kilichopo tu, na wakawaomba watu waendelee kuzungumza na kutembea. Watu wakanyamaza wakasikiliza. Muziki ukishapigwa na watu wazima walio makini, mtu hawezi kuamrishwa asiusikie. Kwa hiyo sitajitahidi kuuficha. Nitawaambia wageni wazi: onjeni na sikilizeni kwa pamoja.

Gharama: lita 2 za supu, saa 3, na orodha nzima ya nyimbo.

15 Februari: tangawizi, na chupa iliyopasuka

Chachu ilinichukua siku 6. Chukua maji mililita 500, tangawizi mbichi iliyoparuzwa pamoja na ganda lake vijiko 2, na sukari vijiko 2. Kila siku ongeza kijiko kimoja cha tangawizi na kimoja cha sukari. Siku ya sita povu lilikuwa limejaa juu, na ukiweka sikio karibu na mdomo wa chombo unasikia mchakacho mdogo, kama mvua ya mbali.

Kinywaji chenyewe: tangawizi gramu 120 iliyopondwa, ichemshwe dakika 15 katika maji lita 2, itiwe sukari gramu 180 na maji ya malimau 2, iachwe ipoe mpaka ishuke chini ya nyuzi joto 30, kisha itiwe mililita 120 za chachu iliyochujwa. Usiharakishe kupoza; chachu ikitiwa kwenye maji ya moto inakufa na gesi haipatikani.

Nilijaza chupa 4 za kioo nikazifungia kabatini. Usiku wa nne moja ilipasuka. Ilikuwa chupa ya pembe nne, na kuta bapa haziwezi shinikizo kama kuta za mviringo. Vipande vya kioo viliingia kwenye unga, kwenye chumvi, hata kwenye bawaba ya mlango. Nilitupa kila kilichokuwa wazi katika kabati lile. Angekuwa mtu amesimama pale, ningekuwa naandika habari nyingine, kwa hiyo nawasihi mnaofuata msiruke sehemu hii.

Marekebisho ni haya. Chupa ziwe nene na za mviringo, au za plastiki zilizowahi kubeba soda. Acha nafasi ya vidole vitatu chini ya kifuniko. Ziweke ndani ya sanduku lililofunikwa blanketi. Muhimu kuliko yote, chupa moja iwe ya plastiki hata kama nyingine ni za kioo, kwa kuwa hiyo ndiyo kipimo: ibonyeze kwa kidole gumba asubuhi na jioni, na siku isipobonyea, peleka zote kwenye friji. Mara ya pili nilifika hapo baada ya saa 46. Zipoe saa 8 kabla ya kufungua, maana kimiminika baridi hushika gesi vizuri na hakitaruka hadi darini. Kuchacha huku huacha kileo kidogo. Asiyekitaka achemshe tangawizi na sukari ziwe nzito, achanganye na maji yenye gesi.

Kisha muziki. Kwanza nilipiga filimbi nyembamba yenye noti ndefu. Watu wanne kati ya sita walitumia neno moja: kali. Walikuwa wanasema juu ya moto wa tangawizi kooni, na limau halikutajwa. Nikabadilisha nikapiga piano, noti za juu, fupi, zinazokatika kama matone. Safari hii jirani yangu alisema, "Limau ndiyo linakuja mbele," na wengine wawili wakaitikia. Chupa ni ileile. Nimechagua piano, kwa sababu tangawizi haihitaji msaada wa kuonekana.

Gharama: kilo 1 ya unga na gramu 500 za chumvi zilizotupwa, chupa 1, siku 12 hivi kwa jumla.

23 Februari: kahawa, na kosa la mpangilio

Jaribio lilikuwa rahisi: kila mtu apewe vikombe viwili vya kahawa, kimoja na muziki mwembamba, kingine na muziki mnene, bila kuambiwa kwamba kahawa ni moja. Nilipika kahawa ya moto. Wote sita walisema cha pili ni kichungu zaidi, na cha pili ndicho kilichokuwa na muziki mnene. Nilifurahi kwa muda wa kama dakika kumi.

Kisha nikagusa kikombe cha pili. Kilikuwa vuguvugu. Kahawa ya moto ikipoa ladha yake hubadilika, na ulimi ulioshakunywa kikombe kimoja kichungu si ulimi mpya. Sikuwa nimepima muziki, nilikuwa nimepima dakika nane za kusubiri.

Nimerekebisha mambo matatu. Sasa natumia kahawa baridi, gramu 100 zilizosagwa chengachenga kwa lita 1 ya maji, saa 14 kwenye friji, kisha inachujwa mara mbili kwa kitambaa. Inatoka chombo kimoja na joto moja, asubuhi mpaka jioni. Pili, watu watatu wanaanza na muziki mwembamba na watatu wanaanza na mnene, kwa makundi mawili yanayopeana zamu chumbani. Tatu, kati ya vikombe kila mtu anakunywa maji, anakula kipande cha mkate mkavu, na tunakaa kimya dakika 3.

Nilijaribu pia kuiloweka saa 20. Ilitoka na ukakasi wa kukausha ulimi na muziki wowote haukuitoa hapo. Rudi kwenye 14.

Gharama: gramu 340 za kahawa, jioni 2.

2 Machi: kahawa tena, na spika iliyokuwa inakula besi

Kwa mpangilio mpya, tofauti ikatoweka kabisa. Vikombe viwili, watu sita, majibu ya ovyo. Nilikaribia kuiondoa kahawa kwenye mradi.

Aliyenifumbua macho ni mpwa wangu, anayejifunza kupiga selo, ile fidla kubwa yenye sauti nene. Alisikiliza kipande changu cha muziki mnene kwenye simu akasema, "Mjomba, hii selo haina tumbo." Alikuwa sahihi. Uzi mnene kuliko wote wa selo hutetema kama mara 65 kwa sekunde, na wa besi kubwa ya kusimama kama mara 41. Spika ya simu ni ndogo kuliko kifungo cha koti, na chini ya mara 200 hivi haitoi karibu chochote. Wimbo bado unautambua, kwa sababu ubongo hujaza pengo kwa kufuata milio ya juu inayoandamana na ule mnene, lakini uzito haupo. Filimbi haipatwi na shida hii, noti yake ya chini kabisa iko karibu na 262. Kwa hiyo mwezi mzima simu yangu ilikuwa inaitendea haki filimbi na kuinyima besi.

Niliazima spika kubwa ya sakafuni, nikaiweka kwenye kona ya chumba, ambako kuta mbili na sakafu huongeza besi bila kuongeza sauti. Unaweza kuweka kiganja juu ya meza ukausikia mlio kwa ngozi. Tulirudia vikombe vilevile kwa mpangilio uleule. Watano kati ya sita walisema kahawa ya selo ni chungu na nzito zaidi. Shemeji alisema ile ya piano "imetiwa kitu kama tunda". Haikutiwa kitu.

Anayeiga mradi huu na ana simu peke yake atumie vipokea sauti vya masikioni vinavyoziba vizuri. Vinatoa besi kuliko spika ya simu, ila mnapoteza mazungumzo ya mezani, na kwangu hayo ni nusu ya karamu.

9 Machi: supu na ukubwa wa sauti

Spika kubwa ilinipa tamaa. Supu ileile ya lita 2, chumvi gramu 14 iliyopimwa, nikafungulia muziki mpaka programu ya simu ikasoma desibeli 78. Watu wanne waliomba chumvi. Mwezi mmoja kabla, chumvi hiyohiyo iliwatosha.

Hili lina maelezo yake. Mwaka 2011 Andy Woods na wenzake walionyesha kwamba mtu anayekula huku masikio yamejaa kelele kubwa huhisi utamu na chumvi vimepungua, ilhali ukavu wa chakula kinachovunjika mdomoni huusikia zaidi. Niliposhusha mpaka desibeli 58, chini kidogo ya mazungumzo ya kawaida, hakuna aliyegusa kijaluba cha chumvi. Desibeli 10 huonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kwa sikio ni kama sauti maradufu, na mimi nilikuwa nimeongeza 20.

Kipimo kichukuliwe mahali kilipo kichwa cha mlaji, si mbele ya spika. Nilipoteza saa nzima kabla ya kulitambua hilo.

Kosa jingine la supu lilikuwa mwendo. Nilichagua ala za nyuzi za polepole, midundo 60 kwa dakika, kwa kuwa zilikuwa nzuri mno. Watu wakala kwa mwendo huo, na supu ikapoa ikafanya utando. Mtafiti Ronald Milliman aliliona jambo kama hili mgahawani mwaka 1986: muziki wa polepole uliwakalisha wateja mezani dakika 56 kwa wastani, wa haraka 45. Supu haitaki kukalishwa. Nimepandisha hadi midundo 92, marimba laini juu na besi kidogo chini, bakuli zinarudi tupu zikiwa bado na joto.

Gharama: lita 4 za supu, ambazo zote zililiwa.

16 Machi: tofi, sufuria nne

Hapa ndipo mradi ulipogeuka, kwa hiyo naandika kwa urefu.

Tofi niliichagua kwa sababu ya sukari yenyewe. Sukari ikipashwa peke yake huyeyuka, ikaanza kugeuka rangi, na kila nyuzi chache zinazoongezeka utamu hupungua na uchungu kuingia. Kitu kimoja, na unaamua mwenyewe usimame wapi kati ya ladha mbili. Kipimo changu: sukari gramu 200, siagi gramu 60, krimu mililita 80, chumvi gramu 2.

Sufuria ya kwanza niliikoroga. Sukari iliyorukia ukutani ilikauka ikawa chembe, chembe moja ikaangukia ndani, na kwa dakika moja sufuria nzima ikawa mchanga. Sukari inayoyeyuka haikorogwi, inazungushwa kwa kutikisa sufuria kwa mpini. Kijiko kimoja cha maji ya limau mwanzoni husaidia pia, kwa kuwa asidi huivunja sehemu ya sukari na kuizuia isishikane tena.

Sufuria ya pili niliisimamisha kwenye nyuzi 165, rangi ya asali nyepesi. Nikatia siagi na krimu kwa tahadhari (mvuke wake unaunguza, simama mbali na tumia sufuria yenye kina), nikairudisha jikoni mpaka 119, nikamwaga kwenye karatasi. Tofi nzuri, laini, inakatika vizuri. Tuliijaribu kwa selo, kisha kwa piano. Majibu: tamu, tamu, tamu sana. Selo haikufanya chochote.

Nikadhani dawa ni kuongeza uchungu. Sufuria ya tatu ikafika 195. Moshi, rangi ya kahawa, na harufu iliyokaa jikoni siku mbili. Piano ikapigwa. Majibu: chungu. Hakuna aliyemaliza kipande chake.

Nilikaa na vile vipande viwili mezani, kimoja cheupe-manjano na kimoja cheusi, nikaelewa nilichokuwa nakosea tangu Februari. Nilikuwa nautumia muziki kama kiungo, kama vile ukimimina sauti nene, uchungu utaingia. Muziki hautii kitu sufuriani. Unanyoosha kidole. Tofi ya 165 haikuwa na uchungu wa kuonyeshwa, na ile ya 195 haikuwa na utamu uliobaki. Tangawizi ilinitii kwa sababu ilikuwa na moto na limau kwa pamoja, na kahawa ya saa 14 ilinitii kwa sababu chini ya uchungu wake kulikuwa na lile tunda la shemeji. Kahawa ya saa 20 ilikuwa ukakasi mtupu, ikagoma.

Sufuria ya nne niliitoa kwenye 179. Hapo tazama rangi kuliko kipimajoto, kwa kuwa joto linaendelea kupanda hata baada ya moto kuzimwa: ikishafanana na chai kavu iliyokolea, na harufu ya kwanza ya kuungua ikigusa pua kisha ikapotea, tia siagi hapohapo. Anayechelewa sekunde kumi anapata sufuria ya tatu.

Tofi ina sifa nyingine ambayo kinywaji hakina: inakaa mdomoni dakika nzima. Kahawa ukimeza imeondoka. Kwa hiyo niliunganisha vipande viwili vya muziki kwenye faili moja, sekunde 30 za piano ya juu, kisha sekunde 30 za selo na besi, na daraja la sekunde 3 kati yake. Kipande kimoja cha tofi kwa kila mtu, chenye ukubwa wa ncha ya kidole gumba.

Nilimtazama jirani. Alifumba macho, taya zinakwenda taratibu. Piano ikapita. Selo ilipoingia taya zikasimama. Hakufumbua macho. Baadaye kidogo akameza mate, akasema kwa sauti ya chini, "Imebadilika." Dada akafungua mkono wake kutazama kama amebakiwa na tofi ya pili.

Gharama: gramu 800 za sukari, gramu 180 za siagi (sufuria ya kwanza haikufika huko), mililita 240 za krimu, sufuria 1 iliyohitaji kulowekwa usiku mzima kwa maji ya moto, saa 7.

22 Machi: mkate hautaki muziki

Mkate wenyewe umenipa shida kidogo. Unga gramu 500, maji gramu 350, chumvi gramu 10, hamira gramu 3, usiku kwenye friji, asubuhi unaokwa ndani ya sufuria nzito yenye kifuniko kwa nyuzi 240, dakika 25 umefunikwa na 20 wazi.

Shida ilikuwa kuuoanisha. Nilifikiri ganda kavu lioane na milio mikavu: vijiti, kengele ndogo, nyuzi za kudonolewa. Nilijaribu vipande vinne kwa jioni mbili, na kila mmoja alisema mkate ni mlaini kuliko wa juzi. Haukuwa mlaini. Mwaka 2004 Massimiliano Zampini na Spence walionyesha kwamba watu huhukumu ukavu wa chipsi kwa sauti ya kuvunjika kwake. Wakiikuza ile milio myembamba, chipsi zikaonekana kuwa mpya zaidi. Mimi nilikuwa nafanya kinyume. Milio yangu mikavu ilikaa mahali palepale pa sauti ya ganda, ikaifunika.

Mkate ukitoka jikoni huwa unatoa sauti wenyewe. Ganda hupoa na kusinyaa kabla ya moyo wake, likapasuka nyufa ndogondogo, na waokaji husema mkate unaimba. Wangu uliimba kama dakika tano. Uamuzi: mkate utaingia mezani ukiwa dakika 2 kutoka jikoni, na spika itazimwa. Utakatwa baadaye, ukishapoa.

Gharama: mikate 3, na imani yangu kwamba kila chakula lazima kipewe muziki.

29 Machi: jioni yenyewe

Mpangilio wa mwisho, kwa anayetaka kuunakili:

Tangawizi, mililita 150 kwa kila mtu, piano ya noti fupi za juu, desibeli 60, dakika 6. Kisha ukimya, na mkate unaletwa ukiwa mzima. Supu na mkate mwingine uliookwa asubuhi, marimba yenye midundo 92, desibeli 58, dakika 18. Ukimya mwingine wa dakika 3, maji. Kahawa, mililita 80, selo peke yake kwenye spika ya kona, dakika 8. Tofi mwisho, faili lililounganishwa, mara mbili.

Ukimya kati ya vitu si mapumziko ya kupanga vyombo. Nilipoufupisha kwenye zoezi la alhamisi, selo ya kahawa ilionekana kama mwendelezo wa marimba na hakuna aliyeisikia ikianza. Sikio lililokaa kimya dakika 3 hulipokea lile linalofuata kama mlango unaofunguliwa.

Palikuwa na hitilafu moja. Spika ilikata katikati ya supu kwa sababu simu iliingia kwenye hali ya kuokoa chaji. Tuliendelea kula bila muziki, na hata sikuirudisha. Kwa anayeiga: faili zote ziwe ndani ya simu, intaneti ifungwe, simu iwe kwenye chaja.

Mkate ulipowekwa katikati na spika ikazimwa, nilikuwa nimejiandaa kueleza. Haikuhitajika. Shemeji, ambaye huwa anaongea mezani tangu mwanzo hadi mwisho, alikuwa katikati ya sentensi. Alisikia mlio wa kwanza wa ganda, akanyamaza, akasogeza kichwa. Wote sita wakasogea. Tuliusikiliza mpaka ukaisha.

Tofi ilifuata kahawa. Safari ya kwanza faili lilipigwa kama lilivyo, piano kisha selo. Nilipokusanya sahani, mpwa wangu akanifuata jikoni.

"Mjomba, naomba nyingine. Lakini ile ya pili, ile chungu."

Nilimpa kipande kutoka kwenye bati lilelile, nikarudi sebuleni nikaanzisha selo.